Kasha la kompyuta ya gemu: tazama pumzi kabla ya urembo

Vijana wetu wengi wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu wanaokwenda Nairobi kusoma au kutafuta riziki hupanga pale kodi inapowaruhusu. Wako waliopanga Kibera, upande wa Makina na Olympic, na wako waliopanga Kawangware. Siku hizi, kando ya ada na nauli, kuna ombi jipya linalowafikia wazazi, wajomba na mashangazi huku nyumbani: kijana anataka kuunda kompyuta yenye nguvu ya kuchezea gemu. Mmoja anataka kujiburudisha baada ya masomo. Mwingine anataka kufungua kibanda cha gemu atoze kwa saa. Wa tatu atacheza usiku, na mchana atatumia mashine ile ile kuhariri video za harusi.

Ombi hilo huja na picha, na aghalabu picha yenyewe ni ya kasha: sanduku la kioo mbele na ubavuni, ndani mataa mekundu, buluu na zambarau. Mashaallah, linapendeza. Lakini wazee wetu walikwisha kutuusia kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye chumba cha mabati cha Kibera au Kawangware, kasha huchaguliwa kwa pumzi yake. Likikosa pumzi, fedha zote zilizotiwa ndani yake zitafanya kazi nusu, na pengine zitaungua kabla ya wakati wake. Makala haya ni ya kijana anayenunua, na pia ni ya mzazi anayetuma pesa bila kujua aulize nini.

Kazi tatu za kasha

Kasha, ambalo vijana wanaliita kesingi, halifanyi hesabu wala halichori picha. Kazi zake ni tatu: kushika vipande mahali pake, kupitisha hewa, na kumkinga mtu asiguse umeme. Hapa kwetu kazi ya pili na ya tatu ndizo zinazosahauliwa.

Tuanze na hewa. Kila wati ya umeme inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto. Kadi ya grafiki ya wastani kama GeForce RTX 4060 hutumia hadi wati 115. Kadi ya fahari kama RTX 4090 hutumia wati 450. Prosesa nyingi za gemu zimepimwa wati 65, na zikikazwa hupita hapo. Ukijumlisha na vipande vingine, mashine ya wastani inayochezwa hutoa joto la wati 250 hivi. Kibanda chenye mashine nne za namna hiyo kina wati 1,000 za joto, ni kama kuacha pasi ya umeme imewaka chumbani tangu asubuhi hadi usiku.

Prosesa na kadi zina akili ya kujilinda. Zikikaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa prosesa nyingi ni kati ya nyuzi 90 na 100, hujipunguzia kasi zenyewe. Kwenye skrini utaona mchezo unaanza kukwama na picha zinarukaruka, hasa baada ya nusu saa ya kucheza. Kijana hudhani kadi yake ni dhaifu. Huiuza kwa hasara, akanunua kubwa zaidi, na ile kubwa huongeza joto ndani ya kasha lile lile lililozibwa. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Nairobi si Mombasa

Mtu atasema: Nairobi kuna baridi, joto liko kwetu. Ni kweli kwa Julai. Lakini yako mambo mawili ya kuzingatia.

La kwanza ni mabati. Chumba cha futi 10 kwa 10, hakina dari, mlango mmoja na dirisha dogo, jua la saa saba mchana likiwa juu yake, kinakuwa tanuri hata kama nje watu wamevaa sweta. Hewa inayoingia kwenye kasha ni hiyo iliyokwisha kupata moto.

La pili wengi hawalijui. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Feni yako itazunguka kwa mwendo ule ule, lakini hewa inayoisukuma ni haba zaidi, kwa hivyo hubeba joto kidogo zaidi. Baridi ya Julai hufidia upungufu huo. Mchana wa Februari, chini ya mabati, haufidii. Basi feni iliyotosha kwa mwenzako huko ughaibuni, mwenye nyumba ya kupoza hewa, isikutoshe wewe.

Huku Pwani hewa ni nzito, ila ni ya moto, na imebeba unyevu na chumvi inayokula chuma. Kijana akirudi nyumbani na mashine yake, kasha la bati jembamba lililochunika rangi litaanza kutu kwenye kingo na kwenye skrubu. Anayenunua akijua atarudi Mombasa siku moja, na atazame pia rangi iliyopakwa ndani, si ya nje tu.

Na jambo moja zaidi: kasha haliondoi joto chumbani, hulihamisha tu kutoka kwenye kadi hadi kwenye hewa ya chumba. Ukilisukuma kasha hadi likagusa ukuta, feni ya nyuma itatema joto ukutani, nalo litarudi mbele. Acha nafasi ya sentimita 15 nyuma yake, na ukiweza uelekeze mgongo wake dirishani.

Namna ya kupima pumzi dukani

Hapa hauhitaji shahada. Simama mbele ya kasha, utazame uso wake. Kama uso ni wavu wa chuma wenye matundu mengi, ni dalili njema. Kama ni kioo kitupu au plastiki laini, tafuta hewa itaingilia wapi. Makasha mengine yana ufa ubavuni wa upana wa kidole tu, na feni tatu zinagombania ufa huo. Feni za taa zilizopangwa nyuma ya kioo kisicho na tundu ni sawa na watu watatu wanaopepea nyuma ya mlango uliofungwa: utawaona wakifanya kazi, upepo hautaupata.

Washa tochi ya simu nyuma ya ule uso. Ukiona mwanga unapita kwa wingi, hewa nayo itapita. Usipouona, rudisha kasha kwenye rafu.

Hata wenye viwanda wamejifunza hivyo. Kampuni ya NZXT ilikuwa na kasha maarufu liitwalo H510, zuri, uso umefungwa laini kama kabati. Mwaka 2021 ilitoa H510 Flow, umbo lile lile, lakini uso umetobolewa matundu. Makasha mengine yanayosifika kwa pumzi ni Corsair 4000D Airflow, Fractal Design Meshify na Lian Li Lancool 216. Si lazima upate majina hayo. Ukishajua umbo lao, utalitambua kasha la bei nafuu lililofuata nyayo zao.

Kuhusu feni, kanuni ni nyepesi. Hewa baridi iingie mbele chini, hewa moto itoke nyuma na juu, kwa sababu joto hupanda. Kwa mashine ya wastani, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa zinatosha. Feni ya milimita 140 husukuma hewa nyingi kwa mzunguko wa pole kuliko ya milimita 120, kwa hivyo haipigi kelele sana. Kwenye chumba cha kupanga ambapo ukuta ni bati na jirani amelala upande wa pili, hilo nalo ni ujirani mwema.

Vumbi na moshi

Njia nyingi za ndani Kibera na Kawangware ni za udongo. Kiangazi vumbi huingia kila mahali, na jioni huongezeka moshi wa makaa na wa mafuta ya kukaangia samaki, mihogo na chipsi. Vumbi likichanganyika na moshi wa mafuta huwa utando unaonata kwenye mapezi ya kupozea kadi, na utando huo huzuia joto lisitoke, kama blanketi.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa. Hapo hewa ya ndani huwa na msukumo wa kutoka, na vile vitundu vidogo vya kasha hutoa hewa badala ya kufyonza vumbi. Vumbi linabaki na mlango mmoja tu, nao ni chujio.

Ya pili ni chujio lenyewe. Tafuta kasha ambalo chujio lake la mbele na la chini huvuliwa kwa mkono, bila bisibisi. Chujio gumu kulivua halioshwi. Lioshe kwa maji kila baada ya wiki mbili, ulianike likauke kabisa ndipo ulirudishe. Kasha lisilo na chujio unaweza kulivisha soksi nyepesi ya nailoni ya wanawake, imevutwa vizuri mbele ya feni. Usiweke kitambaa kizito, kwani kitazuia vumbi na hewa pamoja. Ukisafisha ndani kwa brashi au kwa kupuliza, zima umeme ukutani kwanza, na ushike bapa za feni kwa kidole zisizunguke.

Kipimo: pima kadi, kisha pima kasha

Bodi kuu ya kompyuta, ambayo mafundi huiita mazabodi, huja kwa vipimo vinavyojulikana. ATX ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha la ATX hupokea ndogo zote, lakini kasha la Mini-ITX halipokei kubwa.

Kisha kuna urefu wa kadi ya grafiki. RTX 4090 ya Nvidia yenyewe ina milimita 304, na kuna kadi za kampuni nyingine zinazozidi hapo. Kasha huandikwa urefu wa kadi linaoupokea, na urefu wa kipoza prosesa pia. Andika namba hizo mbili kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Na ukifunga feni mbele, utoe unene wake, kwa kawaida milimita 25.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, ningesema Micro-ATX ndiyo ya wastani: haijazi meza na inaacha nafasi ya hewa. Vile visanduku vidogo sana vya Mini-ITX vinavutia macho, lakini ndani hakuna nafasi ya kukosea. Mwanzoni mwa 2021 kampuni hiyo hiyo ya NZXT ililazimika kuyaita makasha yake madogo ya H1 yarudishwe, karibu 32,000 Marekani peke yake, kwa sababu skrubu zilizoshika kibao cha kuunganishia kadi zingeweza kusababisha shoti na kuwasha moto. Sasa fikiria moto huo katika mtaa ambao nyumba zimebanana na bati la huyu limelala juu ya bati la yule.

Mtego wa 'ex-UK'

Wengi hawaanzi na vipande vipya. Huenda madukani Luthuli Avenue na Moi Avenue katikati ya jiji, wakanunua kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, zile zinazoitwa 'ex-UK': Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzake. Ni biashara nzuri, mashine zenyewe ni imara. Mtego uko kwenye kasha.

Kwanza, nyingi ni zile nyembamba za kulaza mezani. Kadi ya grafiki ya kawaida haiingii humo, ila zile fupi za kimo cha chini. Pili, huwezi kuhamisha matumbo yake kwenye kasha jipya kirahisi. Kisanduku cha umeme, yaani pawasaplai, kina umbo lake lenyewe. Plagi nayo ni tofauti: bodi za kawaida za ATX hupokea plagi ya pini 24, OptiPlex 9020 hupokea ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 hupokea ya pini 6. Kijana hununua kasha la kioo, akafika nyumbani akakuta bodi haishikiki wala umeme hauingii.

Kama bajeti ni ndogo, nunua ile ya wima na pana, uibakishe kwenye kasha lake. Itie kadi isiyohitaji waya wa umeme wa ziada. Tundu la kadi kwenye bodi hutoa hadi wati 75, na baadhi ya kadi za GTX 1650 huishi ndani ya kiasi hicho. Haitakuwa ya fahari, lakini itacheza gemu nyingi za kawaida bila kuunguza chochote.

Kasha linalouma mkono

Sasa lile la kumkinga mtu. Kasha la chuma lililo salama limeunganishwa na waya wa ardhi, ambao mafundi wanauita athi, kupitia ile pini ya tatu ya plagi. Umeme ukivuja ndani, hukimbilia ardhini kupitia waya huo.

Kwenye vyumba vingi vya kupanga, hasa vilivyounganishiwa umeme kutoka kwa jirani kwa waya mbili, athi haipo. Ekstensheni ina matundu matatu kwa nje, lakini ukiifungua ndani waya ni mbili. Hapo chuma cha kasha hubeba volti zinazokaribia nusu ya zile 240 za ukutani. Ukiligusa ukiwa peku kwenye sakafu yenye unyevu, mkono husisimka. Watu huzoea, wakasema kompyuta inauma kidogo. Usizoee. Msisimko huo kwa kawaida ni mdogo, lakini unakwambia kuwa siku waya wa ndani ukichunika, hakutakuwa na njia ya umeme kwenda ardhini isipokuwa mwili wa aliyeligusa. Kama ni kibanda cha gemu, huyo aliyeligusa ni mtoto wa watu.

Basi kabla ya kasha la bei kubwa, mlipe fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA akague soketi na athi. Nunua ekstensheni nzito ya waya tatu. Na usinunue kasha ambalo pawasaplai inakuja nalo bure, ni nyepesi mkononi na haina maandishi ya kueleweka. Kasha la bure na umeme wa bure ndivyo vinavyounguza kadi ya watu.

Lije kutoka Dubai au linunuliwe huku?

Wengi tuna jamaa Dubai na Muscat. Kadi na prosesa zikija nao ni sawa, ni vitu vidogo. Kasha ni jambo lingine. Mizigo ya ndege hutozwa kwa ujazo pale ujazo unapozidi uzito. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Boksi la sentimita 50 kwa 30 kwa 55 huhesabiwa kama karibu kilo 14, hata kama kasha lenyewe lina kilo 8. Utakuwa umelipia hewa. Kasha nunua Nairobi.

Na kama fedha haitoshi kabisa, lipo kasha kuukuu la chuma. Fundi wa jua kali anayekata mabati na mageti anaweza kuufungua uso wake akaweka wavu wa waya kwa saa moja. Sharti ni moja: toa kila kitu ndani kabla hajawasha msumeno, na ulifute kasha kwa kitambaa kibichi likauke kabla ya kurudisha chochote. Chembe ya chuma ikidondokea kwenye bodi, inatosha kuiua.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma

Mzazi, mjomba, shangazi, ombi likifika usikatae wala usikimbilie M-Pesa. Uliza haya. Kadi ina urefu gani, na kasha linapokea urefu gani? Hewa inaingilia wapi na inatokea wapi? Chujio linavuliwa vipi? Pawasaplai ni ya wati ngapi na imetengenezwa na nani? Fundi amekagua athi ya chumba?

Kijana akiyajibu bila kubabaika, ameifanya kazi yake, na wewe mtumie kwa moyo mkunjufu. Akikujibu kwa rangi za mataa peke yake, mwambie asubiri mwisho wa mwezi ujao, inshallah.